Shairi Nililomsingizia Babu

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana jamaa zangu wa Ibra, Nizwa na Sur wote wanalijua, wa Maskati wamelisikia, na nina binamu mmoja Unguja ambaye kila akinipigia simu huuliza kwanza kama babu ameandika lolote jipya, na babu yetu alifariki mimi niko darasa la nne. Basi ndiyo hivyo: mimi Asya, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwalimu wa hisabati mstaafu, mwenye watoto watatu na heshima zangu mtaani, niliandika shairi nikamsingizia maiti. Na nilipoumbuka niliumbuka mbele ya ukoo mzima, wanawake upande huu na wanaume upande ule. Haya naona mpaka leo. Lakini nikikaa nikaufikiria ule mkasa tangu mwanzo wake, naishia kushukuru, na ndiyo maana nataka niusimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na huyo binamu.

Ushairi nimeuanza ukubwani. Nilipostaafu skuli nilikaa nyumbani miezi mitatu nikapanga makabati yote mara mbili, mume wangu Nasor akaniomba kwa adabu nitafute kitu cha kufanya nje ya nyumba, ndipo nikaingia kikao cha Bi Muna. Hicho kikao ni cha wanawake tuliobaki na Kiswahili hapa Ibra, tunakutana kila Jumatano alasiri nyumbani kwake (Jumatano kwa sababu asubuhi yake ni soko letu la wanawake, kila mtu yuko nje tayari, hakuna wa kusingizia udhuru). Bi Muna mwenyewe ni mtu mzima, kazaliwa Unguja mjini, kasomesha Kiarabu miaka mingi, na ana kalamu nyekundu ambayo sijawahi kuiona imekwisha wino. Yuko Zakiya, kijana, niliyemsomesha hesabu na ambaye mpaka leo ananiita mwalimu, wazee wake walitoka Bujumbura. Na wako madada wawili wa nyumba ya pili ambao kazi yao kubwa ni kukubaliana na Bi Muna.

Kila Jumatano mmoja wetu huleta shairi lake, na kulichambua sisi tunaita kupepeta. Mwenye shairi analisoma mara mbili, khalafu haruhusiwi kusema tena neno, haruhusiwi kusema "nilikusudia" wala "hapo mlikuwa hamjaelewa", anapewa dele la kahawa awamiminie wenzake, ili mikono ipate kazi na mdomo ufunge. Wenzake wanasema kimoja cha kubakia na kimoja cha kupeperuka. Mwaka mzima nimemimina kahawa nyumba ile. Mizani yangu ilikuwa imetimia, vina vyangu vimekaa sawa (hisabati hiyo), na kila nikipepetwa naambiwa lile lile.

"Asya," Bi Muna huniambia, "maneno yako yamepangika kama vikombe vya kabatini. Lakini mwenye nyumba yuko wapi?"

"Hata mimi, mwalimu," Zakiya huongeza, "naona iko sawa, ila sisikii mtu."

Nikawa narudi nyumbani nimevimba, namwambia Nasor wanawake wale wana choyo.

Sasa hapa inabidi nimtaje binti yangu, maana bila yeye hakuna kisa. Ilham ni kitinda mimba wangu. Alikwenda kusoma Uskochi, akamaliza, tukamngojea, akapata kazi huko huko, akasema anataka kukaa miaka miwili mingine. Mimi nilikuwa nimeshapaka rangi chumba chake. Nikamwambia kwenye simu maneno mengi, na la mwisho lilikuwa kwamba kama harudi basi na simu asinipigie. Mtoto yule, ambaye maisha yake yote sikuweza kumfanya anyooshe kitanda chake, hapo akanitii. Hakupiga. Mwaka na nusu tukawa tunapeana salamu za Idi kwa maandishi, yeye "Eid Mubarak Mama", mimi "Na kwako pia", kama watu wa ofisi moja. Kupiga mimi nisingeweza, nilikuwa nimekasirika, na baadaye nisingeweza kwa kuwa nilishaacha kukasirika na sikujua jinsi ya kulisema hilo.

Basi siku moja adhuhuri, nimekaa jikoni nachambua mchele, beti zikaja zenyewe. Niliziandika nyuma ya bili ya umeme. Hizi mbili za mwanzo ndizo zilizonitia matatani:

Mwanangu ulo mbalini,
jina li mwangu kinywani,
kalamu i mkononi,
waraka haujatoka.

Sikuwa nimesahau,
wala si kwa kudharau,
nikuombe angalau
radhi, kinywa chakauka.

Nikaongeza ubeti wa tatu, wa mapambo, wa waridi la mlimani Jabal Akhdar na harufu inayoshinda udi, kwa sababu nilihisi hizo mbili za kwanza zimekaa uchi uchi.

Jumatano ikafika na zamu ilikuwa yangu. Nikatoa karatasi, nikasoma ubeti wa kwanza, nikakwama. Nikainua macho nikamwona Bi Muna anafungua kifuniko cha ile kalamu yake, na wale madada wawili wamesogea mbele kidogo, na nikajua kitakachofuata: huyu mwana ni nani, kwani Ilham mmekosana, tangu lini, kwa nini. Kesho yake wangejua mpaka wauza vitunguu. Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Samahanini, nimesahau kuwaambia. Hili si langu. Nimelikuta kwenye kasha la babu."

Lazima mfahamu kwamba kikao chetu kina kanuni moja tu iliyo juu ya zote: shairi la marehemu halipepetwi. Linasomwa, linaombewa dua, basi. Nilichotaka ni hicho, nilisome, nilitoe kifuani, niende zangu. Kalamu ikafungwa. Nikasoma beti zote tatu mara mbili bila kuulizwa lolote, na nilipomaliza Bi Muna alikuwa analia. Si machozi ya adabu, analia na kufuta pua kwa ncha ya shela.

"Hicho ndicho Kiswahili," akasema. "Sikiliza hiyo, 'kinywa chakauka'. Huyo ni mtu kasema. Asya mwanangu, lau ungekuwa na robo ya haya ya babu yako."

Mimi sijui nielezeje nilivyojisikia. Kwa mwaka mzima nimengoja sifa katika chumba kile, na zilipokuja zimekwenda kwa marehemu, na mimi nimeambiwa nijifunze kwake. Nikamwonea wivu babu. Wallahi nilimwonea wivu maiti kwa shairi langu mwenyewe.

Lingeishia hapo kama si Zakiya kuwa ameshika simu. "Mwalimu, hii shairi ya babu nimeirekodi," akasema, "nimetia kwenye grupu yetu." Na grupu ile yumo mke wa kaka yangu, ambaye yumo pia kwenye grupu ya ukoo, ambayo ina watu kutoka Sur mpaka Dubai mpaka Wete, na kabla sijafika nyumbani simu yangu ilikuwa inatikisika ndani ya mkoba bila kupumzika. Mashaallah, mashaallah, Allah amrehemu mzee. Mjomba mmoja aliandika kwamba siku zote alijua babu ana kipaji, ingawa mjomba huyo na babu hawakuwa wakisalimiana. Khalafu mtu akauliza: huyo mwana aliye mbali ni nani? Na grupu ile, ambayo haijapata kunyamaza hata kwa dakika kumi, ikanyamaza.

Nami hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Nililiona lile swali. Nikajitia hamnazo, nikaweka simu chini nikaenda kukaanga samaki.

Siku ya pili wakataka kuona karatasi yenyewe. Nikasema imechakaa sana, haishikiki. Kaka yangu akasema basi ndiyo maana itiwe kwenye fremu kabla haijapotea, yeye atagharimia. Sasa fanya wewe. Nilinunua karatasi nene, nikaandika shairi lote kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika Kiswahili wazee wetu, nikaiga mwandiko wa babu kutoka kwenye msahafu wake alikoandika majina ya watoto, kisha nikailoweka karatasi kwenye sinia la chai ya rangi. Nikaianika uani kwa vibanio vya nguo. Nasor akatoka msikitini akasimama mbele yake muda mrefu.

"Asya," akasema, "siku hizi tunakunywa karatasi?"

Nikamwambia ni mambo ya sanaa. Akanitazama, akasema "Haya," kwa ile sauti yake ya haya, akaingia ndani. Nasor hanigombezi, huniacha nijigombeze mwenyewe, na ni tabia mbaya sana kwa mume.

Karatasi ikatoka nzuri kiasi cha kunitisha. Ikatiwa fremu ya dhahabu. Na ukoo, ukishakuwa na fremu, lazima uwe na hafla, ikapangwa Ijumaa baada ya alasiri kwenye sabla yetu ya Ibra, ukumbi wa jamaa ambako tunafanya harusi na matanga, wanaume ukumbi mkubwa, wanawake upande wa pili, na spika zikiunganisha ili kila upande usikie. Mimi ndiye nitakayesoma, kwa kuwa ndiye niliyegundua. Nikatafuta homa, haikuja. Nikawaza kusema karatasi imeungua, lakini fremu ilikuwa kwa kaka. Na Alhamisi usiku kaka akapiga simu kwa furaha kubwa kuniambia kwamba Shangazi Zuwena amesema atakuja mwenyewe kutoka Nizwa, yeye ambaye hata harusini siku hizi hatoki.

Niliposikia jina hilo nikakaa kwenye ngazi.

Shangazi Zuwena ni dada wa marehemu baba yangu, mtoto pekee wa babu aliyebaki hai. Babu alipohama Pemba kuja Oman na wanawe, yeye alikuwa ameolewa Wete, akakataa kumwacha mumewe, na babu akaondoka kwa hasira bila kumuaga. Hakumwandikia. Miaka ikapita, hakuna barua hata moja, na Shangazi alipokuja huku hatimaye, mumewe kashafariki, babu naye alikuwa ameshazikwa. Hili nyumbani kwetu kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Nililijua na mimi. Nililijua wakati natia karatasi kwenye chai, na sikulifikiria hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nashughulika na haya yangu na sikuwa na nafasi ya mtu mwingine. Katika kisa chote hiki hapo ndipo ninapoona aibu ya kweli, mengine ni ya kuchekesha tu.

Siku yenyewe sabla ilijaa. Bi Muna kavaa nguo ya Idi. Shangazi kaletwa na mwanawe, kakalishwa mbele kabisa kwenye kiti pekee, sisi wengine chini kwenye mazulia. Nikamsogelea. "Shikamoo Shangazi." "Marahaba mwanangu, kaa karibu yangu, sikio langu moja halisikii." Nikapewa kipaza sauti. Nikasoma. Nimesomesha wasichana miaka thelathini sijapata kuwa na darasa limetulia namna ile, na upande wa wanaume pia kimya, na nilipofika "kinywa chakauka" nilisikia mtu upande ule akisema Allah, Allah.

Shangazi akaomba fremu. Wakamwekea mapajani. Macho yake yana mtoto wa jicho, hasomi tena, lakini akaweka kidole juu ya kioo akawa anakipitisha kwenye mistari, kulia kwenda kushoto, taratibu.

"Soma tena pale pa waraka," akaniambia.

Nikasoma. Kalamu i mkononi, waraka haujatoka.

"Umetoka," akasema Shangazi, na hakuwa akisema na mimi. "Umetoka, baba. Umefika."

Wanawake wote walikuwa wanalia. Nami nikaelewa nimefanya nini. Ningeweza kunyamaza, na nataka niwaambieni kweli, nilifikiria kunyamaza. Nilijiambia mwache ajuze wa watu afe na furaha yake, kuna ubaya gani. Lakini alikuwa anauliza mtu wa pembeni kama imeandikwa tarehe, anataka kujua ni mwaka gani baba yake alimsamehe, na mwanawe ameitwa aje apige hesabu, na nikaona uongo wangu utakwenda kulala na yule mama kila siku kwenye mto wake. Sikuweza. Nikaweka kipaza sauti mapajani, nikamwinamia kwenye lile sikio linalosikia, nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Shangazi, nisamehe. Babu hakuandika. Nimeandika mimi. Nimeandika kwa ajili ya Ilham, nikaona haya, nikasema ni la babu."

Kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa.

Nilitaka kukiri kwa mtu mmoja, nikakiri kwa ukoo. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika za wanaume na kurudi kwangu, khalafu mzee mmoja upande ule akauliza, "Kasema nini?" na mwingine, Mungu ambariki, akamrudilia yote kwa sauti ya juu, na yale ya Ilham pia. Nilitamani zulia lile linifunike.

Shangazi akaondoa kidole chake kwenye kioo. Hakunigombeza. Aliuliza shela lake liko wapi, akamwambia mwanawe alete gari mlangoni, akaondoka, na kahawa ilikuwa imeshaletwa mbele yake hakuigusa. Nyinyi mnajua kwetu kuondoka bila kuonja kahawa ya mtu ni kumwambia humtaki tena. Ningependa zaidi angenipiga kofi.

Wengine wakatawanyika pole pole wakinipita kwa mbali. Aliyebaki ni Bi Muna, kasimama juu yangu na nguo yake ya Idi.

"Asya," akasema, "nirudishie machozi yangu." Akainama karibu na uso wangu. "Kwa hivyo ni lako?"

"Langu."

"Lote?"

"Lote."

"Mwenye nyumba ametoka," akasema. "Kachagua siku mbaya, lakini ametoka." Akanishika mkono akanisimamisha, tukaanza kukusanya vikombe. Mimi sitamsahau Bi Muna kwa vile vikombe, maana hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuonekana karibu yangu saa ile.

Siku tisa sikutoka nyumbani ila sokoni, na sokoni nilikwenda mapema. Siku ya kumi simu ikalia, mtoto wa Shangazi, akasema mama anakutaka Nizwa, na hiyo bili yako ya umeme uje nayo (kumbe hata bili ya umeme ilishajulikana). Nasor akanipeleka kwa njia ya Sinaw na njia nzima alizungumza habari za mbuzi, kwa huruma tu, ili nisipate nafasi ya kufikiri.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye godoro lake karibu na dirisha. Nikamshika miguu. Akaitikia marahaba, akaniambia inuka, nisomee. Nikasoma beti tatu.

"Nina hasira na wewe," akasema. "Siku ile nilikuwa na barua ya baba yangu. Kwa muda wa kunywa finjani moja nilikuwa nayo. Ukanipa, ukaninyang'anya. Hasira yangu haijesha, mwanangu, sikufichi. Lakini ulisema pale pale. Hukuniacha nife nayo ya uongo. Kwa hilo nakushukuru."

Nikalia. Akanipa muda wa kulia, kisha akasema nifute pua sasa nisikilize. "Hizo mbili za mwanzo zi nzuri. Huo wa tatu wa uongo. Mtoto wako ni waridi?"

"Hapana, Shangazi."

"Ananukia udi?"

Nikamwambia Ilham ananukia mafuta ya nazi na sabuni ya kufulia.

"Basi hapo umejipamba wewe, yeye hayumo. Kitu gani nyumbani kwako ukikiona unamkumbuka?"

Nikafikiri. Nikasema kiko kiti jikoni, kibovu, alikuwa anakikalia akinitazama nikipika, anakula vitunguu vibichi, anauliza maswali. Nimekisogeza ukutani na hakikaliwi na mtu. Tena juzi Nasor alitaka kukalia nikamfukuza.

"Umekisema sasa hivi vizuri kuliko hayo mawaridi," akasema. "Kitie. Na huyo Ilham umempelekea shairi?"

"Bado."

Shangazi akanigeukia kwa yale macho yake yasiyoona vizuri. "Umeusomea ukoo mzima," akasema, "mwenyewe bado."

Akasema baba yake labda alitaka kuandika, labda hakutaka, yeye hatajua tena, na amekubali kutojua. "Lakini wewe u hai na simu unayo mkobani naisikia inatikisika. Nenda nyumbani." Kisha akamwita mkwewe alete kahawa, akamimina mwenyewe kwa kupapasa, akanipa finjani mkononi. Tukanywa wote.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kikaoni, nikashika dele, nikawaambia mwenye shairi hili yu hai, lipepeteni. Wakalipepeta. Hawakunihurumia hata chembe, walimaliza alasiri nzima, Bi Muna alikataa kina, Zakiya akasema "hii ya kiti ndiyo namsikia mtu, mwalimu", na wale madada wawili kwa mara ya kwanza tangu niwajue walibishana na Bi Muna, kwa kunitetea mimi. Nikamimina kahawa sikusema neno. Ubeti wa tatu ukatoka hivi:

Kiti chako cha jikoni
nimekiweka pembeni,
simkalishi mgeni
hata awe anataka.

Nimeapa sitamtia tena marehemu maneno mdomoni, na sitaweka jina la mtu mwingine juu ya kitu nilichokihisi mimi, hata kama ni aibu, hata kama kesho yake kitajulikana kwa wauza vitunguu. Bora kupepetwa. Wale wanawake wanne na kalamu yao na yule mama wa Nizwa wamenifanyia jambo ambalo sifa zisingeweza kunifanyia, na kila nikiswali nawaombea mmoja mmoja kwa jina, pamoja na babu, ambaye namwomba radhi kuliko wote.

Niliporudi nyumbani siku ile nilikaa jikoni, nikajirekodi nikisoma beti zote tatu, nikampelekea Ilham bila kuongeza salamu, maana ningeongeza salamu ningeghairi. Sikupata kuiweka simu chini. Ilikuwa inalia, na ni yeye, sauti yake yenyewe baada ya mwaka na nusu, Kiswahili chake kimepungua kidogo.

"Mama," akasema, "hapo pa radhi sijafahamu. Radhi si mtoto ndiye anaomba kwa mama yake?"

Nikamwambia ndivyo, mwanangu, kwa kawaida ndivyo, lakini safari hii anaomba mama.

Nikamsikia anavuta pua.

"Isome tena," akasema. "Pole pole."